Makwotabeki Wawili wa Evere

Siku ya kwanza nilipokanyaga uwanja wa Evere nilidhani nimealikwa kutazama raga. Nilikuwa mwalimu wa michezo katika shule ya msingi iliyo karibu na hapo, mwanamke wa Morogoro aliyemfuata mumewe Brussels, na ujuzi wangu wote wa uwanjani ulitokana na netiboli. Nilikuta vijana wamevaa helmeti na pedi za mabega, wanagongana kwenye mvua, wanasimama kupanga mistari, kisha wanagongana tena. Nilimuuliza mzee aliyesimama kando yangu mchezo utaanza saa ngapi.

"Ulishaanza tangu zamani, maman," alinijibu. "Ni weye tu njo haujauona."

Niligeuka kumtazama vizuri, maana alikuwa Mbelgiji mwenye masharubu meupe na koti la mvua lililomfika magotini, na Kiswahili chake kilikuwa cha Katanga tupu. Huyo ndiye Mzee Guy. Alizaliwa Likasi, akazungumza Kiswahili kabla ya Kifaransa, akaenda Marekani kusomea hesabu, na huko akapata ugonjwa wa futiboli ya Kimarekani ambao haukumtoka tena. Ualimu alikwisha kustaafu. Klabu hakuistaafu.

"Nilikuonaka kule masomo," akaendelea, "unafundisha batoto kutupa mupira fashi muntu hajafika bado. Bon. Mi natafuta muntu wa kufundisha batu bakubwa vile vile."

Fashi ni mahali, kwa ninyi msiozoea Kiswahili cha huko. Nilimwambia kwamba sijui hata kanuni moja ya mchezo ule. Akasema kanuni ziko kitabuni, nitazisoma kwenye tramu. Kutupa mpira mahali ambapo mtu bado hajafika hakuko katika kitabu chochote alichowahi kuona. Nilikubali kujaribu hadi Krismasi. Nimestaafu majira haya ya kuchipua, na mume wangu bado ananiuliza ni Krismasi ya mwaka gani.

Ninaandika haya kwa ajili yenu mliochukua filimbi. Sitazungumzia vyeo, kwa sababu kila mwaka nilipewa kimoja kipya badala ya kupewa msaidizi. Nitawaeleza kazi, na hasa nitawaeleza vijana wawili ambao walinifanya niijue.

Mzee Guy alinifundisha mchezo kwa chupa za chumvi na pilipili kwenye meza ya kantini. Timu inayoshambulia hupewa majaribio manne ya kusonga mbele yadi kumi. Ikifaulu hupewa mengine, na hivyo hivyo mpaka ivuke mstari wa mwisho. Mbele hupangwa safu ya majitu ambao kazi yao ni kuzuia njia. Nyuma ya majitu husimama kwotabeki. Kila jaribio linapoanza, mpira humfikia yeye kwanza, na papo hapo lazima aamue: aurushe kwa mpokeaji aliye mbali, amkabidhi mkimbiaji aliye kando yake, au akimbie nao mwenyewe. Uamuzi huo ana muda wa kuvuta pumzi mara moja, huku majitu ya upande wa pili yakija kumlalia. Nilipoelewa hilo nilimhurumia kila aliyewahi kuifanya kazi hiyo.

Vijana walinipokea kwa adabu, ile adabu ya watu wanaosubiri uondoke. Siku ya kwanza ya mazoezi nilimchagua mlinzi wao mwepesi kuliko wote, nikamwambia anikabe nisipokee mpira. Katika netiboli hatukimbii kwa nguvu, tunakimbia kwa hila: unaegemea kushoto, unamwacha mwenzako ahamishe uzito, kisha unaondoka kulia. Nilipokea mpira mara kadhaa nikiwa na viatu vya shule. Hawakunipigia makofi, lakini baada ya mazoezi yule mlinzi alikuja akaniuliza ile ya kuegemea inafanywaje.

Vifaa vyangu havikuwa vya kujivunia. Nilikuwa na ndoo za rangi zilizojazwa mchanga, ambazo zilikuwa walinzi wangu na hazikuwahi kuchelewa mazoezini. Nilikuwa na taulo nyingi kuukuu. Na nilikuwa na beseni la maji. Mwambieni yeyote atakayewafuata: mazoezini chovyeni mipira ndani ya maji hata jua likiwaka. Jua la Brussels halina ahadi, na mtu aliyejifunza kwa mpira mkavu hushangaa siku ya mechi.

Thibaut alikuja kutoka Uccle, mtaa wa wenye uwezo, mwanafunzi wa famasia, mrefu, mkimya, na soksi zake zilikuwa zimepigwa pasi. Alifika kabla ya kila mtu na kunisaidia kupanga ndoo. Mkono wake ulikuwa wa ajabu. Mpira uliondoka kimya na kufika laini, na wapokeaji walisema ni kama kupewa kikombe cha chai. Kukimbia hakuweza. Alikimbia kama mtu anayevuka barabara akiwa amebeba mayai.

Kwa ajili yake nikatengeneza mfumo ambao vijana waliuita wa makofi. Katika netiboli ukishika mpira una sekunde tatu tu za kuutoa, kwa hiyo nilipiga makofi matatu: la kwanza mpira umemfikia, la pili macho yameamua, la tatu mpira umeondoka. Wapokeaji nao walijifunza njia zao kwa makofi hayo hayo, hatua kwa hatua, ili Thibaut asirushe kwa mtu bali arushe mahali, na mtu afike pamoja na mpira. Njia zilikuwa fupi fupi. Tulisonga yadi tano, yadi sita, bila fujo, na walinzi wa timu pinzani walichoka kwa kukimbilia mahali ambapo mpira ulikuwa tayari umetoka.

Ilikuwa raha kuitazama. Kuna Jumapili moja nilifumba macho nikiwa kando ya uwanja, nikasikiliza tu miguu, na nilijua kila mpira umefika wapi. Mzee Guy aliniuliza kama nasali. Nilimjibu kwamba ni karibu hivyo.

Halafu akaja Héritier.

Alikuwa wa mtaa wa Saint-Gilles, wazazi wake wametoka Lubumbashi, na alikuwa anajifunza ufundi wa lifti. Kutwa nzima alipanda na kushuka kwa wima. Labda ndiyo sababu uwanjani alikataa kwenda moja kwa moja. Tulimchukua kama mkimbiaji. Jumamosi moja Thibaut alikuwa na mtihani, na nikamweka Héritier kwenye nafasi ya kwotabeki ili tu wenzake wafanye mazoezi. Nikapiga kofi la kwanza, la pili, la tatu. Mpira ulikuwa bado mikononi mwake. Nikapiga la nne kwa hasira. Kufikia hapo alikuwa ameshapita ndoo zote na walinzi wa kweli watatu, na alikuwa amesimama ng'ambo ya mstari akinipungia mkono.

"Héritier," nilimwita, "kofi la tatu lina maana gani?"

"Kutupa mupira, maman Stella."

"Na wewe ulifanya nini?"

"Nilikuwa nataka kutupa, kweli. Donc naona fashi iko wazi pale mbele, haina muntu. Nikasema, juu ya nini nimutumie mwengine? Mi mwenyewe niko karibu."

Kwa wiki kadhaa nilimpigia makofi, na kwa wiki kadhaa yeye alijitahidi kunitii, na kadiri alivyonitii ndivyo alivyokuwa mchezaji wa kawaida. Alitazama mikono yangu badala ya uwanja. Mzee Guy alivumilia mpaka akashindwa. Aliniita kantini, akazisogeza chupa za chumvi mbele yangu.

"Makofi ni ya Thibaut," alisema. "Huyu, umutafutie kintu yake."

Nilikwenda kukitafuta Saint-Gilles, kwa sababu sikuwa na wazo lingine. Nilimkuta Héritier bustanini akicheza na binamu zake mchezo usio na jina, wa kushika na kukwepa, na nikakaa kwenye benchi nikimtazama. Hakuna aliyemgusa. Nilimwita nikamuuliza anajuaje mtu atakwenda upande gani.

"Naangalia goti, maman. Macho yake inaweza kunidanganya. Lakini muntu hawezi kwenda fashi goti yake haiendi."

Kutokana na goti hilo tukajenga mfumo wa pili. Mtu akiuona mara ya kwanza hudhani tumekosea. Safu yetu ya majitu inawazuia walinzi wote isipokuwa mmoja, yule wa pembeni, ambaye tunamwacha huru makusudi. Kwotabeki anauweka mpira tumboni mwa mkimbiaji bila kuuachia, na wote wawili wanamtazama yule mlinzi huru. Mlinzi akimfuata mkimbiaji, kwotabeki anauchomoa mpira na kukimbia nao pembeni. Mlinzi akimngojea kwotabeki, mpira unabaki kwa mkimbiaji. Maskini yule mlinzi hana jibu sahihi. Uamuzi wote umo katika goti lake, na Héritier alikuwa akilisoma goti kama wengine wanavyosoma bango la dukani.

Basi nikawa na makwotabeki wawili na mifumo miwili katika msimu mmoja, na klabu ikagawanyika. Upande wa jukwaa walikokaa wazazi wa Uccle na thermosi zao, Thibaut alikuwa mfalme. Upande walikokaa binamu za Héritier na ngoma yao, ilikuwa vivyo hivyo kwa Héritier. Mama yake, Maman Odette, hakukaa upande wowote. Alisimama katikati na mwavuli, akaziba macho kila mwanawe alipoguswa, na kumuuliza jirani yake kama ameinuka.

Katika nusu fainali walinzi wa timu pinzani walikuwa wameusoma mfumo wa makofi. Walikaa karibu, kwenye njia zetu fupi, na kila mpira wa Thibaut ulikuta mkono wa mtu. Baada ya mapumziko nikamwingiza Héritier, na tukashinda. Thibaut alivua helmeti, akaiweka benchi taratibu, akawapa wenzake mikono mmoja mmoja, kisha akaondoka. Mazoezi yaliyofuata hakuja. Ndoo zangu nilizipanga mwenyewe.

Nilipanda tramu kwenda Uccle. Alinifungulia mlango mwenyewe, akanikaribisha kahawa, na tukazungumza Kifaransa kwa muda mrefu kuhusu mambo yasiyo na maana. Mwishoni nilimwambia wazi kwamba fainali inakuja na bado sijaamua nani ataanza, na kwamba kama amenikasirikia kwa kumtoa, ana haki.

"Kocha, kunitoa ulikuwa sahihi," alisema. "Hata mimi ningejitoa. Tatizo ni lile nililoliona nikiwa benchi. Yeye anacheza huku anacheka. Mimi tangu nianze mchezo huu nimekuwa nahesabu tu. Sijui kama nimewahi kucheza."

Nilirudi Evere na maneno hayo yakinizunguka kichwani. Kwenye mazoezi, kabla sijasema lolote, Héritier alinivuta pembeni.

"Maman Stella, Thibaut anarudia? Juu mi nataka anifundishe kutupa ule wa mbali. Mi natupa, mupira inaruka sawa kuku."

Nilimpa namba ya simu ya Thibaut. Sijui walizungumza nini. Nimewauliza mara nyingi na kila mara wananipa hadithi tofauti. Ninachojua ni kwamba Jumamosi iliyofuata nilipofika uwanjani niliwakuta wote wawili. Thibaut alikuwa anampigia mwenzake makofi, Héritier alikuwa anarusha, na mpira haukuwa tena kuku. Kisha wakabadilishana, na Thibaut akawa anajaribu kusoma magoti. Alianguka chini bila hata kuguswa, akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka kabla ya hapo. Alikuwa na kicheko kikubwa kuliko umbo lake.

Usiku, yaani baada ya chakula cha jioni, mume wangu alinikuta nikipanga vijiko mezani. Hakuna kanuni, nilimweleza, inayokataza makwotabeki wawili kuwa uwanjani kwa wakati mmoja. Akaniomba kijiko kimoja ale mtindi.

Fainali ilichezwa kwenye mvua, na sikushangaa. Tuliwabadilisha kutwa nzima: makofi walinzi wanaporudi nyuma, goti wanapokuja mbele kwa pupa. Wapinzani wetu walikuwa wazuri, na ilipofika jaribio la mwisho tulikuwa nyuma kwa pointi chache, mstari wa mwisho uko mbele yetu lakini hauko karibu. Niliomba mapumziko, nikawaita wote wawili.

"Vijiko," niliwaambia. Walijua ni mpango gani, maana tulikuwa tumeufanya mazoezini na haukuwahi kufaulu sawasawa.

"Mpokeaji wa kushoto yuko tayari?" Thibaut aliuliza.

"Yuko tayari."

"Bon, alors twende," alisema Héritier, kana kwamba ameitiwa lifti iliyokwama.

Mpira ulimfikia Héritier, akakimbilia kulia. Uwanja mzima ulimfuata, kama tulivyotaka, kwa sababu siku hiyo kila mtu alikwisha kujifunza kumwogopa. Karibu na mstari wa pembeni alisimama ghafla, akageuka, akaurusha mpira nyuma, mbali, upande wa pili alikokuwa Thibaut peke yake. Ulikuwa mrusho safi. Thibaut aliupokea, akainua mkono kumrushia mpokeaji wa kushoto, ambaye alipaswa kuwa peke yake mbele ya mstari.

Mpokeaji alikuwa ameteleza. Alikuwa amelala kifudifudi kwenye matope.

Nikiwa kando niliona mkono wa Thibaut umebaki juu, na nilijua anahesabu. Moja, mbili, tatu, na hakukuwa na mahali pa kuupeleka mpira. Mlinzi mmoja alikuwa amegeuka na anamjia. Thibaut akashusha mkono. Akamtazama yule mlinzi, sio usoni, chini, kwenye goti. Kisha akakimbia.

Alikimbia vibaya sana. Magoti yalipanda, viwiko vilitoka nje, na mpira aliukumbatia kwa mikono miwili kama mtoto mchanga aliyelowa. Lakini mlinzi alikwenda upande mmoja, Thibaut akaenda wa pili, na njia ikafunguka. Héritier alikuwa amevuka uwanja mzima kutoka kulia, sijui kwa miguu gani, akamzuia mlinzi wa mwisho kwa bega, wote wawili wakaenda chini. Thibaut akapita juu ya miguu yao, akavuka mstari, akaendelea kukimbia. Hakujua kusimama. Alisimamishwa na uzio.

Ngoma ya Saint-Gilles ililia, na wazazi wa Uccle walimwaga kahawa zao. Mzee Guy alikaa chini kwenye nyasi zilizolowa na koti lake lote, akasema tu, "Bon." Maman Odette alikuwa ameziba macho tangu mwanzo wa jaribio. Alinishika mkono.

"Ameinuka?" aliniuliza.

"Ameinuka, maman. Anacheza ngoma."

Baada ya hapo nilifundisha miaka mingi mingine, na makwotabeki wengine walipita mikononi mwangu, baadhi yao wazuri. Mzee Guy alihamia kwa binti yake karibu na bahari, na bado hunipigia simu kila Jumatatu kuniuliza kwa nini hatukukimbia. Thibaut ana duka lake la dawa. Héritier ana mafundi wa lifti chini yake, na goti lake mwenyewe sasa humwonya kabla ya mvua. Wote wawili walirudi klabuni kufundisha, mnawajua.

Mwezi uliopita mliniandalia karamu ya kuniaga, kwenye kantini ile ile, na Maman Odette akapika: bukari, yaani ugali wa kwao, na sombe, ambayo kwetu ni kisamvu, na samaki. Mzee Guy aliletwa kwa gari. Kabla hatujala mmoja wenu, sitamtaja, akauliza kwa sauti ni yupi kati ya wale wawili alikuwa kwotabeki bora, na mfumo upi tuufuate. Kelele zilizofuata mnazikumbuka. Mzee Guy alikuwa tayari ameshakusanya chupa za chumvi.

Niliwajibu hivi, na narudia kwa maandishi kwa sababu nusu yenu hamkunisikia. Mfumo wa makofi unataka watu wote wakubali kujifunza kitu kile kile. Mpokeaji mmoja akichelewa, umeharibika, na walinzi wenye subira wakikaa kwenye njia fupi, utabanwa. Lakini ukiwa na kundi la watu wa kawaida wenye bidii, hakuna kitu kitakachowafikisha mbali zaidi. Mfumo wa goti unawaadhibu wenye pupa na haujali mvua, lakini unamchosha mwili yule anayeubeba, na siku akiumia huna mfumo tena. Thibaut alimfanya kila aliyecheza naye awe bora. Héritier alimfanya kila aliyecheza dhidi yake awe na shaka. Mkinitaka nichague wa kuanzisha mechi, ningetazama kwanza walinzi waliosimama mbele yetu, na kama sijawaona, sichagui.

"Hilo si jibu, kocha," alisema Thibaut.

"Mi naona ameisha kujibu," alisema Héritier. "Amesema ni mi."

"Amesema wazi kwamba ni mimi."

Mzee Guy aligonga meza kwa chupa ya pilipili akitaka asikilizwe, wazee wa jukwaa la Uccle wakaanza upya, na wale wa ngoma nao. Maman Odette alitoka jikoni na beseni la maji ya moto na taulo begani. Alisimama katikati ya Thibaut na Héritier, akawatazama, mmoja kisha mwingine.

"Bon," alisema. "Mwenye kutupa na mwenye kukimbia, bote babili banawe mikono. Bukari inapoa."

Tukanawa.